Tom Mboya, Mtoto wa Shamba la Mkonge

Ndugu msomaji, sisi wa Mata hatuna haja ya kuelezwa mkonge ni nini. Tunajua mwiba wake unavyochoma. Wengi wetu babu zetu walikata mkonge huku Taveta ndipo wazazi wetu wakasoma. Kwa hivyo nilipotakiwa kuandika maisha ya shujaa, nilimchagua aliyezaliwa shambani hasa, hayati Thomas Joseph Mboya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini baba yake, mzee Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la Mzungu tajiri aliyeitwa McMillan. Nyapara hakuwa mtu wa pesa nyingi. Kijana alisoma Kabaa, akaenda Yala, halafu Mang'u. Mwaka wa 1947 alifaulu mtihani wake, lakini karo ya kuendelea ikakosekana. Kwani sisi hatuwajui wenzetu waliorudi nyumbani kwa sababu hiyo hiyo? Mboya hakukaa kulia. Alijiunga na chuo cha mabwana afya huko Kabete, ambako hakudaiwa karo.

Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aliona vituko. Siku moja mama wa Kizungu alileta maziwa yapimwe, akamkuta Mboya peke yake ofisini. Akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani! Tena Mzungu wa kazi ile ile alimshinda mshahara mbali sana. Basi Mboya akaingia vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku, viongozi wetu wako kizuizini, na sauti ya Mwafrika ikabaki katika vyama hivyo tu. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi nchini, naye ana miaka 23 tu. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, ni yeye aliyekwenda kuwatetea, nao wakaongezwa mshahara.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, sawa na Ronald Ngala wetu wa Pwani. Desemba 1958 akaongoza mkutano mkubwa wa Waafrika wote mjini Accra. Lakini jambo linalonigusa mimi zaidi ni la ndege. Mboya mwenyewe hakuwa na digrii. Alisoma mwaka mmoja tu Ruskin College kule Oxford. Hata hivyo, mwaka wa 1959 alizunguka Marekani akiwaombea vijana wa huku nafasi za masomo na nauli. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Seneta John Kennedy alisaidia, jamaa yake wakatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikwenda katika msafara huo wa 1960. Hebu fikiri, aliyekosa karo ndiye aliyewatafutia wengine vyuo vikuu!

Uhuru ulipokuja, Mboya alikuwa waziri, mwishowe waziri wa mipango ya uchumi. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 mchana, alipotoka katika duka la dawa Nairobi, alipigwa risasi akafa. Hakuwa ametimiza miaka 39. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa akanyongwa, lakini watu wengi hawakuacha kuuliza nani alimtuma.

Sanamu yake iko hapo karibu, mwendo wa kama mita 20 tu, kando ya Moi Avenue. Ilizinduliwa na Rais Kibaki mwezi wa Oktoba 2011. Chama chetu kiliizuru mwaka jana. Ni kubwa, mpaka uinue shingo. Mboya amesimama juu, amevaa joho badala ya suti, na chini yake wamo ndege aina ya heroe. Watu wa Nairobi huitumia kama mahali pa kungojana. Nilimwuliza kijana mmoja aliyeiegemea kama anamjua mwenye sanamu. Alilijua jina, kwa sababu ya barabara ya Tom Mboya iliyo nyuma yake. Ya mkonge na ya ndege hakuyajua, nami nikamsimulia mpaka mwalimu akaniita.

Kaburi lenyewe liko Rusinga, na jengo lake limejengwa kwa umbo la risasi. Tumeliomba kuwa ziara yetu ijayo, ila mweka hazina akipiga hesabu ya nauli kutoka Taveta hadi ziwani anashika kichwa.