Bibi Joy na Bundi Wake

Hapa Ngoliba, upande wa Thika, bundi akilia usiku watu hunyamaza; kwetu pwani nako twamwita ndege wa nuksi.

Marehemu Joy Adamson hakuamini hayo. Alizaliwa mwaka 1910, akaja Kenya 1937, akachora maua na watu wetu kabla ya kusifika kwa simba wake, Elsa. Uzeeni, nyumbani kwake Elsamere, Naivasha, alifanya urafiki na bundi wawili wakubwa. Aliwapa nyama, nao wakamjia wenyewe, bila tundu wala kamba.

Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba. Kwanza alidhaniwa simba. Ikabainika ni mkono wa binadamu.

Basi, msomaji, bundi ana kosa gani?