Sadi Carnot, Mwanafizikia wa Moto na Mvuke

Wazee wetu hapa Voi wanalikumbuka gari la moshi la mvuke likitweta kutoka Mombasa. Moto ule wote, mbona mwingi ulipotea hewani? Swali hilo lilimshughulisha kijana mmoja miaka zaidi ya 70 kabla ya reli yetu kuanza kujengwa mwaka 1896.

Sadi Carnot alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Juni 1796. Baba yake, Jenerali Lazare Carnot, alimpa jina la Saadi, mshairi wa Shiraz, Uajemi. Naam, Shiraz ile ile ambayo baadhi ya watu wa pwani yetu husema ndiko asili yao!

Akiwa na miaka 16 tu aliingia École Polytechnique, kisha akawa mhandisi jeshini. Napoleon alipoanguka 1815, baba alifukuzwa nchini na mambo ya kijana jeshini yakaenda kombo. Akachukua likizo, akazama vitabuni.

Mwaka 1824 alitoa kitabu chake pekee. Alieleza kwamba joto hufanya kazi linaposhuka tu kutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji ya maporomoko yanavyozungusha gurudumu. Hata fundi awe bingwa vipi, injini yake ina kikomo. Dizeli zinazopita Voi leo nazo zimo. Ila Carnot aliamini joto ni kitu kama maji, kisichopungua njiani, na hapo alikosea. Kitabu chenyewe kilisomwa na wachache mno.

Tarehe 24 Agosti 1832 kipindupindu kilimuua, umri miaka 36. Kwa kuogopa ugonjwa, vitu vyake vingi pamoja na maandishi vikatiwa moto.

Clapeyron alikifufua kitabu 1834. Mjerumani Clausius akakirekebisha 1850, na 1865 akatunga neno entropi, yaani kipimo cha nishati kutawanyika. Entropi ya vitu vilivyotengwa na vingine haipungui. Ndiyo sababu uji wa Wundanyi hupoa, wala hakuna aliyewahi kuuona ukijichemsha kwa baridi ya mlimani. Sheria za mwendo hazijali saa ikienda mbele au ikirudi nyuma, lakini hii inajali sana!

Karatasi chache zilizosalimika kwa nduguye zilichapishwa 1878. Kumbe humo Carnot alikuwa ameshajisahihisha kuhusu joto, miaka mingi kabla ya Clausius.