Kakai Kilonzo: Gitaa la Ukambani Lililosema Kiswahili

Gitaa la umeme lisipounganishwa na kikuza sauti, hata aliye chumba cha pili halisikii. Lakini kikuza sauti nacho, kiwe kikubwa namna gani, hakiwezi kuuvusha wimbo mpaka wa lugha. Jambo hilo marehemu Kakai Kilonzo alilitambua mapema.

Mwana huyo wa Ukambani alizaliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1970 akaongoza bendi ya Kilimambogo Brothers, iliyochukua jina la mlima ulio karibu na Thika. Mtindo wao ulikuwa benga: gitaa la solo likidonoa sauti za juu, la pili likiitikia, na besi ikikimbizana na ngoma.

Zama hizo bendi nyingi za Wakamba ziliimba Kikamba, na wapenzi wao walikuwa Kitui, Machakos na upande ule uliofanywa wilaya ya Makueni mwaka 1992, ambao leo ni kaunti. Kakai hakuitupa lugha ya mama, ila nyimbo zake nyingi alizitunga kwa Kiswahili. Haukuwa uamuzi mwepesi, kwani angeweza kuwapoteza wa nyumbani asiwapate wa mbali. Aliwapata wote. Wimbo wake "Mama Sofi" ulipendwa na watu wasiojua hata neno moja la Kikamba.

Mauti yalimfika mwaka 1987, angali kijana wa miaka thelathini na ushei. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Kakai alituzwa kwao na kwa watu pia.