Bernhard Riemann, mtoto wa mchungaji aliyepiga hesabu za mawimbi

Sisi wa Sengerema tumezoea kuona wimbi la Ziwa Victoria likikaribia ufuko, linainuka, kisha linavunjika. Bernhard Riemann aligundua kwamba hata mawimbi ya hewa yana tabia inayofanana na hiyo.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1826. Baba yake, mchungaji asiye na mali, alitaka naye awe mchungaji. Kijana akaomba ruhusa asome hesabu, na mzee akakubali. Mwaka 1859 akawa profesa Göttingen.

Mwaka 1860 alichapisha maelezo haya: hewa iliyobanwa zaidi hukimbia, huifikia iliyo mbele, na hapo mshtuko huzaliwa. Kwenye nishati alikosea. Rankine na Hugoniot wakasahihisha baadaye. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1866, akiwa na miaka 39.

Kazi yake iliendelea. Mwaka 1965 Mmarekani James Glimm aliijengea juu yake, akaonyesha kwamba mawimbi mawili dhaifu yakigongana, badiliko la nguvu yake lina kikomo, nacho hutegemea nguvu ya moja mara ya jingine.

Mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu, mkumbuke yule mzee aliyekubali.