Jagadish Chandra Bose, Mchunguzi wa Mimea

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1858, katika Bengal, sehemu ambayo siku hizi imo katika nchi ya Bangladesh. Zama hizo Bara Hindi lilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa na cheo serikalini, na wenye vyeo wengi waliwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka mwanawe katika shule iliyofundisha kwa Kibengali, lugha ya nyumbani. Huko Jagadish aliketi pamoja na watoto wa wavuvi na wa wakulima, akasikiliza hadithi zao za ndege na viumbe vya majini. Yamkini ndiko alikoanza kupenda kuangalia viumbe kwa makini.

Mwaka 1880 alikwenda Uingereza kusomea uganga. Homa zilimsumbua hata akayaacha masomo hayo, akasoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporudi mwaka 1885 alipata kazi ya kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, mjini Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata. Hapo alikuta dhuluma: Mhindi alilipwa mshahara mdogo kuliko Mwingereza kwa kazi ile ile. Bose hakuiacha kazi, wala hakuupokea mshahara huo. Alifundisha miaka mitatu bila kuchukua malipo, mpaka wakubwa walipokubali kumlipa sawa na Waingereza, pamoja na fedha zote za miaka iliyopita.

Kwanza alichunguza mawimbi ya redio, akaonyesha kwamba hupenya ukuta na kuliza kengele iliyo upande wa pili. Kisha akageukia mimea.

Labda waufahamu mmea uitwao kifauongo, ambao majani yake hujikunja yakiguswa. Mwanzoni mwa kila kikonyo chake pana uvimbe mdogo wenye chembe zilizojaa maji. Jani likiguswa, maji hutoka katika chembe za upande mmoja wa uvimbe, nalo jani huinama. Lakini ukigusa ncha moja tu, vijani vya mbali hupataje habari? Bose aliunganisha nyaya na mmea huo, akaona kwamba ishara ya umeme husafiri ndani yake. Alipoupoza mmea, ishara ilikwenda polepole. Alipouweka katika mvuke wa nusukaputi, dawa ya kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa, mmea uliacha kujikunja. Alipourudishia hewa safi, ukaanza tena.

Mwaka 1901 aliwaonyesha wataalamu wa London kwamba hata mimea isiyojikunja hutoa ishara kama hizo. Baadhi yao walimkatalia kabisa, na makala yake haikuchapishwa. Bose alirudi kwao akaunda vyombo bora zaidi. Kimojawapo ni kreskografu, chombo kilichokuza mwendo wa mmea unaoota mara 10,000. Ukuaji ambao jicho haliwezi kuuona ulionekana kwa dakika chache, na mtu aliweza kujua mara moja kama mbolea au sumu inauharakisha au kuuzuia. Mwaka 1920 chombo hicho kilijaribiwa mjini London, kwa kuwa wengine walikishuku, nacho kikathibitika kuwa sahihi. Mwaka huo huo Bose alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza.

Si kila alilosema limekubaliwa. Aliamini kwamba mimea ina neva kama wanyama, lakini mimea haina neva wala ubongo. Kuhusu ishara za umeme, hata hivyo, alikuwa na haki.

Alifariki tarehe 23 Novemba, 1937. Taasisi ya uchunguzi aliyoianzisha mjini Calcutta mwaka 1917 ingali ikifanya kazi. Siku hizi wanasayansi wamegundua kwamba kiwavi atafunapo jani moja, ishara za umeme huweza kufika katika majani mengine ya mmea ule ule, nayo huanza kutengeneza kemikali za kujikinga kabla kiwavi hajayafikia.