Eduardo Mondlane: mchunga mifugo aliyesoma kwa Kiingereza ugenini, kisha akawataka wanafunzi warudi

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, familia nyingi za Bukavu huanza kupiga hesabu. Mtoto amepata diploma yake. Je, abaki hapa asome kwa Kifaransa kwenye UCB, UOB au ISP, ama avuke mpaka aende Kigali, Kampala au Nairobi, ambako masomo ya chuo kikuu yanafundishwa kwa Kiingereza? Tangu Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, swali hilo limekuwa la karibu zaidi. Gharama zinajulikana: karo, kodi ya nyumba, na miezi ya kwanza inayopotea mtu akijifunza lugha. Kuna pia hofu ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini, kwamba mtoto akishazoea huko hatarudi.

Swali hilo lilimkuta zamani mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana Afrika nzima. Eduardo Mondlane, mwanzilishi wa chama cha FRELIMO cha Msumbiji, hakuzaliwa katika koloni la Waingereza. Lugha ya shule kwake ilikuwa Kireno, kama Kifaransa kilivyo kwetu. Hata hivyo, karibu masomo yake yote makubwa aliyafanya kwa Kiingereza, mbali na kwao. Baadaye, akiwa kiongozi, aligombana vikali na wanafunzi wa nchi yake waliokuwa wakisoma ng'ambo kuhusu jambo hilohilo la kurudi.

Mtoto wa chifu

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, eneo la Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu mdogo wa kabila la Watsonga, naye alifariki Eduardo akiwa bado mtoto. Miaka ya kwanza ya maisha yake aliipitisha porini akichunga mifugo pamoja na ndugu zake. Mama yake ndiye aliyesisitiza aende shule, kwa kuwa aliona kwamba nguvu ya Wazungu ilikuwa katika elimu yao.

Alianza kwa wamisionari Waswisi. Lakini chini ya Ureno, njia ya Mwafrika shuleni ilikuwa fupi. Sheria iliwagawa watu makundi mawili: wenyeji, ambao walikuwa karibu wote, na wachache sana walioitwa assimilados, waliohesabiwa kuwa wamekubali lugha na desturi za Mreno. Wazee wetu wanaokumbuka wakati wa Wabelgiji na wale walioitwa évolués wataelewa upesi. Baada ya shule ya msingi, mlango wa sekondari ulikuwa umefungwa kwa kijana kama Mondlane.

Aliupata mlango mwingine Cambine, katika jimbo la Inhambane, kwenye shule ya kilimo ya wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani. Hapo alisomea kilimo, na hapo pia alianza kujifunza Kiingereza. Wakati huo lugha hiyo haikuwa na kazi kubwa Msumbiji, lakini ndiyo iliyokuja kumfungulia mipaka yote aliyoivuka baadaye.

Wasomaji wa Kifaransa walipata kumjua mapema. Mwaka 1946 huko Uswisi kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu kuhusu utoto wake, kilichoandikwa pamoja na mmisionari André-Daniel Clerc. Mondlane mwenyewe wakati huo alikuwa tayari ameshavuka mpaka kwenda Afrika Kusini kutafuta sekondari.

Kufukuzwa Johannesburg

Sekondari aliimalizia kaskazini mwa Transvaal, kwenye shule nyingine ya misheni, akiwa mtu mzima kati ya vijana. Mwaka 1948 aliingia katika shule ya kazi za jamii ya Jan Hofmeyr jijini Johannesburg, kisha akakubaliwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hicho kilikuwa mojawapo ya vyuo vikuu vichache vya Afrika Kusini vilivyopokea Waafrika pamoja na Wazungu, na masomo yalikuwa kwa Kiingereza.

Haikudumu. Mwaka huohuo wa 1948 chama cha National kilishinda uchaguzi na kuanza kujenga ubaguzi wa rangi kama siasa rasmi ya serikali. Mwaka 1949 serikali ilikataa kumwongezea Mondlane kibali cha kukaa. Wanafunzi wenzake walipinga, lakini uamuzi haukubadilika. Alirudi Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo, bila shahada.

Nyumbani hakupokelewa kwa furaha na wakubwa. Alikuwa amesaidia kuanzisha chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari kilichoitwa NESAM, na polisi wa Kireno walimkamata na kumhoji. Walimwona kama mtu aliyeambukizwa mawazo mabaya ng'ambo. Hatimaye mwaka 1950 alifika Lisbon kusoma chuo kikuu, akilipiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Huko alikutana na vijana kutoka makoloni mengine ya Ureno, wakiwemo Amílcar Cabral na Agostinho Neto, ambao baadaye waliongoza vita vya uhuru vya Guinea-Bissau na Angola. Lakini polisi walimfuata Lisbon vilevile. Aliomba msaada wake wa masomo uhamishiwe Marekani.

Miaka kumi na miwili Marekani

Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 31, Mondlane aliingia Oberlin College katika jimbo la Ohio. Alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1953. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ambako alisoma sosholojia hadi akapata udaktari mwaka 1960.

Mwaka huohuo wa 1960 Kongo ilipata uhuru, na Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Msumbiji ilikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu uhuru wenyewe ulikuwa bado mbali. Daktari mmoja wa sosholojia, Mweusi, kutoka koloni la Ureno, alikuwa jambo la nadra sana.

Marekani alifanya pia maisha. Katika kambi ya vijana wa kanisa alikutana na Janet Johnson, msichana Mzungu. Walifunga ndoa mwaka 1956, wakati ambapo ndoa ya namna hiyo ilikuwa bado imekatazwa kwa sheria katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Walipata watoto watatu. Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia maeneo yaliyokuwa chini ya udhamini. Alikuwa na mshahara mzuri, familia na heshima, na angeweza kabisa kubaki.

Mwaka 1961 alizuru Msumbiji. Kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa, polisi hawakuweza kumgusa, na watu walikuja kwa wingi kumwona. Aliporudi aliacha kazi hiyo, kwa sababu mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa hakuruhusiwa kufanya siasa, akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji walioishi uhamishoni viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa rais. Mwaka 1963 alihamia Dar es Salaam pamoja na familia yake.

Shule kabla ya bunduki

Miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya ilikuwa shule. Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam, Janet Mondlane akiwa mkuu wake, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakikimbia nchi. Mfuko wa Ford wa Marekani ulitoa pesa za kuanzia, na Ureno ililalamika. Vita vyenyewe vilianza baada ya mwaka mmoja, tarehe 25 Septemba 1964.

Hesabu ya Mondlane ilikuwa rahisi kueleweka. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake hawakujua kusoma isingeweza kujitawala kwa bunduki peke yake. Ilihitaji waganga, walimu, mafundi na watu wa hesabu. Kwa hiyo chama kilitafuta nafasi za masomo kila mahali, katika nchi za kikomunisti na za Magharibi pia. Waliopelekwa Marekani walihitaji kwanza Kiingereza, na vyuo kama Lincoln cha Pennsylvania vilikuwa na masomo ya maandalizi kwa wakimbizi kutoka kusini mwa Afrika. Ni njia ileile ambayo Mondlane mwenyewe aliipita, safari hii ikiwa imepangwa.

Kisha tatizo likajitokeza. Baadhi ya wanafunzi waliomaliza shahada ya kwanza hawakurudi. Walitaka kuendelea hadi shahada ya pili, kisha udaktari. Mwaka 1967 Mondlane alitoa waraka mrefu akiwakosoa wanafunzi hao wa Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba wakulima walikuwa wanakufa vitani ili Msumbiji iwe huru, na msomi aliyelipiwa masomo kwa jina la vita hivyo hakuwa na haki ya kujiweka kando yake. Chama kilitaka wanafunzi wakatize masomo na kutumika nyumbani kabla ya kupanda ngazi nyingine.

Wanafunzi walijibu kwa maandishi mwaka 1968, kupitia umoja wao uliojulikana kama UNEMO. Waliwashutumu viongozi kwamba wameyasaliti mapinduzi. Kulikuwa na jambo ambalo kila mtu aliliona: aliyekuwa akiwaambia warudi bila udaktari alikuwa na udaktari wake, na aliishi Marekani miaka kumi na miwili kabla ya kurudi Afrika.

Moto ulifika Dar es Salaam. Mwezi Machi 1968 wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji waliasi. Walipinga kupelekwa vitani badala ya kupewa nafasi za masomo ng'ambo, na wengine hawakutaka tena walimu Wareno weupe. Padri Mateus Gwenjere, Mmsumbiji aliyekuwa amejiunga na chama, aliwaunga mkono. Shule ilifungwa. Wanafunzi wengi walitawanyika, baadhi wakaenda Kenya kutafuta masomo huko kwa Kiingereza. Kwa mtu aliyeweka elimu mbele ya yote, hilo lilikuwa pigo kubwa.

Kifurushi cha Februari

Mwezi Julai 1968 FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili ndani ya Msumbiji, katika eneo lililokombolewa la Niassa. Mondlane alichaguliwa tena. Miezi saba baadaye, tarehe 3 Februari 1969, alichukua barua zake Dar es Salaam na kwenda kuzisomea katika nyumba ya rafiki kando ya bahari. Kati yake kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka na kumuua. Alikuwa na miaka 48. Wengi waliinyooshea kidole polisi ya siri ya Ureno, ingawa palitajwa pia watu wa ndani ya chama waliosaidia. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam, na Rais Julius Nyerere alihudhuria. Miaka mingi baadaye mabaki yake yalirudishwa Maputo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975 chini ya Samora Machel. Mwaka uliofuata, chuo kikuu cha Lourenço Marques kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Hadi leo chuo hicho kinafundisha kwa Kireno, lugha ambayo FRELIMO iliichagua kuwaunganisha Wamsumbiji. Tarehe 3 Februari ni siku ya mashujaa nchini humo.

Ugomvi wake na wanafunzi haukupata mshindi. Kama wakubwa wa ukoloni wangefaulu kumzuia asiende ugenini, pengine FRELIMO ingekosa mtu wa kuiunganisha mwanzoni. Lakini pia wale waliosema kwamba shahada ya kwanza haitoshi walikuwa na mfano wao mbele ya macho, naye alikuwa yeye mwenyewe. Kilichomtofautisha ni kwamba mwaka 1961, akiwa na kazi ya kudumu na pasi ya Umoja wa Mataifa, aliacha vyote viwili.

Kwa familia ya Ibanda au Kadutu inayopiga hesabu mwaka huu, maisha hayo yanaacha mambo kadhaa ya kuzungumza mezani kabla ya kulipa karo. Lugha ianze kusomwa hapa nyumbani, kama Mondlane alivyoianza Cambine miaka mingi kabla ya kuihitaji. Iulizwe mapema kama diploma ya huko itapata ekivalensi Kinshasa, maana karatasi isiyokubaliwa humfunga mtu nje ya nchi yake. Na suala la kurudi lisiachwe hadi siku ya kumaliza masomo. Mondlane na wanafunzi wake walilijadili wakiwa wameshachelewa, kwa barua za hasira zilizovuka bahari.