Adriano Atiman, Katekista na Mganga

Sisi makatekista twamkumbuka Adriano Atiman kwa haki. Alizaliwa upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto, wezi wa watu walimkamata, akauzwa na kuvushwa jangwa, hata Mapadri Weupe wakamkomboa kusini mwa Aljeria. Hata hapo hakutulia mahali pamoja: alilelewa katika nyumba zao, kisha mwaka 1881 akapelekwa kisiwani Malta kusoma uganga. Kardinali Lavigerie alitaka makatekista Waafrika wenye kujua kutibu. Kazi hiyo alichaguliwa na wakubwa wake. Kudumu ndani yake lilikuwa shauri lake mwenyewe.

Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganika. Akaoa huko, na mwanawe Joseph akawa padri. Mwenyewe alibaki mlei: alifundisha dini, alipasua wagonjwa, tena alichunguza dawa za mizizi za wenyeji, ambazo wasomi wengi huzidharau. Yule mtoto aliyehamishwa kila mara alikaa Karema miaka 67, akafariki huko mwaka 1956.